Kuangusha vijiti bila kuonya: nani hasa kavunja uungwana?

Tarehe 24 Septemba 2022, uwanja wa Lord's jijini London, timu ya kriketi ya wanawake ya Uingereza ilibakiza mikimbio 17 tu kuishinda India, na wiketi moja mkononi, yaani akitolewa mpigaji mmoja tu imekwisha. Charlie Dean, aliyekuwa na mikimbio 47 na ambaye ndiye aliyeirudisha timu mchezoni, alisimama upande wa mrushaji akimsubiri mwenzake, Freya Davies, apige. Deepti Sharma, mrushaji wa India, akaja na mpira wake, akafika kwenye mstari, hakuurusha. Aligeuka akaangusha vijiti vilivyokuwa kando yake. Dean alikuwa ameshatoka mstarini, uso wake uko mbele kwa mwenzake, hata hakumwona. Mwamuzi wa televisheni akathibitisha, mechi ikaisha: India 169, Uingereza 153. Dean machozi yakamtoka palepale.

Kwa asiyeifuata kriketi, jambo lenyewe ni hili. Wapigaji huwa wawili, kila mmoja upande wake, kati yao kuna mita 20 hivi. Mmoja anapiga, mwingine anasubiri. Mpira ukipigwa wanapishana, na kila wakipishana unahesabiwa mkimbio mmoja. Anayesubiri akianza kusogea kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, njia yake inakuwa fupi kuliko ya haki. Sheria inamruhusu mrushaji kumtoa kwa kuangusha vijiti vya upande huo. Wengi huita tendo hili kwa jina la Vinoo Mankad wa India, aliyemtoa Bill Brown wa Australia hivyohivyo mjini Sydney mwezi Desemba 1947. Mankad alisemwa sana, ingawa Don Bradman, nahodha wa Australia, yaani wa timu iliyotendewa, alimtetea kwamba sheria iko wazi. Haikusaidia. Jina la mchezaji hodari likageuzwa kuwa jina la kosa, na Sunil Gavaskar, nahodha wa zamani wa India, amekuwa akipinga matumizi hayo. Mimi pia silitumii.

Wanaolipinga tendo lenyewe wana hoja, na hoja yao nzito kuliko zote ni mtu: Courtney Walsh. Kombe la Dunia 1987, mjini Lahore, Pakistan inahitaji mikimbio 2 kwenye mpira wa mwisho, imebaki wiketi moja. Walsh wa West Indies anakuja mbio, anamkuta Saleem Jafar yuko nje kabisa ya mstari. Angeangusha vijiti, mechi ingekwisha na West Indies ingeshinda. Walsh akasimama, akamwacha Jafar arudi, akaenda kuanza upya. Abdul Qadir akaupiga mpira, Pakistan ikapata mikimbio yake. West Indies, mabingwa wa 1975 na 1979, wakakosa nusu fainali kwa mara ya kwanza. Miaka imepita mingi, na kila kriketi ikizungumzwa pamoja na uungwana, Walsh hutajwa. Anastahili. Alilipa gharama kubwa na hakumpelekea mtu yeyote hesabu.

Hoja ya pili ni ya kipimo cha adhabu, na kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi kisheria. Mpigaji ameiba hatua moja, pengine nusu mita. Anapoteza wiketi nzima, na siku nyingine timu yake inapoteza mechi. Ni kama kumfukuza mtu kazi kwa kuchelewa dakika tatu. Tena mara nyingi hajakusudia. Amejizoesha kusogea pamoja na mkono wa mrushaji, na mrushaji akikatiza mwendo ghafla, miguu tayari imeshakwenda.

Hapo kwenye kukatiza mwendo ndipo palipokuwa na kichaka. Jaipur, Machi 2019, Ravichandran Ashwin alimtoa Jos Buttler katika ligi ya India. Ukiitazama picha ile polepole utaona Ashwin anafika, anasita, halafu anaangusha vijiti, na katika kule kusita Buttler ndipo anapotoka. Watu waligawanyika, wala siwalaumu waliokasirika. Kumvizia mwizi ni jambo moja, kumtegea mlango wazi ili aibe ni jingine.

Lakini mlango huo sheria imeufunga. Mpigaji anatolewa tu kama ametoka kabla ya ule wakati ambao mrushaji angetarajiwa kwa kawaida kuuachia mpira. Januari 2023 mjini Melbourne, Adam Zampa alimjaribu mpigaji kwa njia hiyo, vijiti vikaanguka, waamuzi wakakataa: mkono wake ulikuwa umeshapita juu, wakati wa kuachia mpira ulikuwa umekwisha. Baada ya tukio lile klabu ya MCC, mlinzi wa sheria za kriketi, iliifafanua zaidi kanuni hiyo. Kwa hiyo mjanja wa kusitasita hana faida tena, na anayetoka mapema hana kisingizio. MCC hiyohiyo ilikuwa imeshaamua kuliondoa tendo hili katika kifungu cha mchezo usio wa haki na kuliweka katika kifungu cha kawaida cha kutolewa kwa mbio, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022. Yaani wiki moja tu baada ya machozi ya Dean.

Basi kwa nini bado mtu anaitwa laghai? Nadhani jibu liko ndani ya neno tunalolitumia. Kwa Kiswahili ile roho ya mchezo wanayoizungumzia Waingereza tunaiita uungwana, nasi tunajua neno hili limetoka wapi. Pwani, mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Sifa ya tabia njema iliota juu ya cheo cha kuzaliwa. Wahenga walipolijibu hilo kwa kusema mwungwana ni kitendo, walikuwa wanakinyang'anya cheo ukiritimba wake. Kriketi ya Uingereza ina historia inayofanana sana na hiyo. Hadi 1962 wachezaji waligawanywa mabwana waliocheza bila mshahara na wale waliolipwa. Katika karatasi za mechi bwana aliandikwa herufi za majina yake mbele ya ubini, mlipwaji zake zikaja nyuma. Viwanja vingi vilikuwa na vyumba tofauti vya kuvalia. Waliopanga nini ni cha kiungwana walikuwa upande mmoja wa mlango.

Na mabwana hao wengi walikuwa wapigaji. Kazi ngumu ya kurusha mpira kutwa nzima juani ilikuwa zaidi ya wale wa kulipwa. Labda ndiyo maana hata leo uungwana wa kriketi unamwangalia mrushaji kwa jicho kali na mpigaji kwa huruma. Mwaka 2013 Stuart Broad wa Uingereza, akipiga, aliugusa mpira waziwazi, ukadakwa, na hapo mpigaji hutolewa, lakini mwamuzi hakuona, naye akabaki anapiga. Alisemwa, ndiyo, lakini wengi walimtetea kwamba kutoa uamuzi ni kazi ya mwamuzi. Mbona mrushaji hapewi utetezi huohuo? Golikipa wa kriketi akiona mpigaji katoka mstarini, anaangusha vijiti bila kumwonya mtu, na anapigiwa makofi. Lakini si kila mara: golikipa wa Australia, Alex Carey, alipofanya hivyo kwa Jonny Bairstow wa Uingereza hapohapo Lord's, Julai 2023, Waaustralia walizomewa na kutukanwa ndani ya jengo la wanachama wa MCC, hadi wanachama watatu wakasimamishwa. Walinzi wa roho ya mchezo!

Sisi wa Afrika Mashariki tusijifanye hatujui udanganyifu halisi unafananaje. Maurice Odumbe, nahodha aliyeiongoza Kenya kuiangusha West Indies mjini Pune mwaka 1996, alifungiwa miaka 5 mwezi Agosti 2004 kwa kupokea fedha za watu wa kamari. Machi 2018 mjini Cape Town, Cameron Bancroft wa Australia alinaswa na kamera akiusugua mpira kwa msasa. Nahodha wake Steve Smith na msaidizi David Warner wakafungiwa mwaka mzima, yeye miezi 9. Mambo haya yalifanywa kwa kificho kwa sababu waliofanya walijua ni haramu. Deepti aliangusha vijiti mchana kweupe, akamgeukia mwamuzi, akauliza. Kuyaweka haya kapu moja ni kumwonea.

Kuhusu onyo, Deepti alisema timu yake iliwaonya Waingereza. Heather Knight, aliyekuwa nahodha wa Uingereza wakati huo lakini majeruhi siku ile, akakanusha. Mabishano hayo hayana faida kwangu, maana sheria haidai onyo, na anayetaka kuonya kwa hiari yake namheshimu kama ninavyomheshimu Walsh. Zawadi haigeuki deni kwa sababu mmoja aliitoa.

Kuna mechi moja ningependa makocha wetu wawaonyeshe vijana. Botswana, Septemba 2021, kufuzu Kombe la Dunia la wanawake, Uganda dhidi ya Cameroon iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia katika mechi za kimataifa. Maeva Douma, binti wa miaka 16, aliwatoa Waganda wanne kwa njia hii katika zamu moja ya kupiga. Uganda ilishinda kwa mikimbio 155, kwa hiyo matokeo hayakumwumiza mtu, na gumzo lote likamwendea binti yule. Lakini wa pili, wa tatu na wa nne walikuwa wameshamwona mwenzao wa kwanza akirudi nje amebeba gongo lake. Walitaka onyo gani tena?