Katuni ya kompyuta nayo ina mkono wa mtu

Pita Makoroboi au Mlango Mmoja hapa Mwanza uangalie mabango ya saluni. Zamani ilikuwa kazi ya mkono wa fundi, rangi ya mafuta, dada mwenye shingo ndefu na nywele za rasta, sasa hivi ni picha ya mteja imepitishwa kwenye simu ikageuka katuni, ikaprintiwa, ikabandikwa, basi. Wachora mabango wanalalamika na wana haki, mwenye duka analipa kidogo kuliko alivyokuwa anamlipa fundi, na kijana aliyekuwa anajifunza kwa kukoroga rangi na kupaka bango la kwanza hana tena pa kuanzia.

Na kuna hili jingine zito zaidi. 2015 watafiti kina Gatys kule Ujerumani walionyesha kompyuta inaweza kuchukua mtindo wa mchoro mmoja na kuuvika picha nyingine, wakatumia mchoro wa Van Gogh, sawa, Van Gogh kafa 1890. Lakini programu zilizokuja baadae zimelishwa picha za wachoraji walio hai na wengi hawakuombwa ruhusa. Hapo sina cha kuwatetea.

Ninachokataa ni ile kauli ya kwamba kompyuta ikichora ni kubonyeza tu hakuna ujuzi. Hii fani ya kuifanya kompyuta ichore kama mkono ina watu wameiumizia kichwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1990 Paul Haeberli alitengeneza programu ambayo unapitisha mausi juu ya picha, kila unapopita inachukua rangi ya pale na kuacha alama ya brashi, sasa nani anaamua wapi brashi iwe nene na wapi iwe nyembamba? Ni wewe. 1998 Aaron Hertzmann akaifanya kompyuta ianze na brashi kubwa picha nzima, halafu ilinganishe na picha halisi, irudi na brashi ndogo pale tu palipopishana sana. Chukua picha ya dagaa walioanikwa kule Mwaloni Kirumba, anga la ziwa litamalizwa kwa mikwaruzo michache mipana ya brashi, dagaa wanaong'aa watapata vimistari vidogo vidogo. Ila mfuko wa nailoni uliotupwa pembeni nao utapata vimistari vilevile kama uso wa mama anayegeuza dagaa, kwasababu programu inaona tofauti ya rangi tu, haijui nani muhimu pale. Lazima mtu aiambie.

Picha ikianza kutembea ndo utajua kama kuna kazi. Tuseme unataka mtumbwi unaokatiza ziwa uonekane umepakwa rangi ya mafuta. Ukimwambia kompyuta ipake kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, peke yake, mikwaruzo inarukaruka na macho yanauma, ukiigandisha mikwaruzo kwenye skrini mtumbwi unapita nyuma yake kama mtu unayemuona kupitia kioo cha bafuni chenye maua. Nimetazama sana video za namna hiyo na kila mara kioo ndo unakiona kwanza kabla ya mtumbwi. Barbara Meier alilitatua mwaka 1996 kwa vitu vilivyojengwa ndani ya kompyuta, akabandika vijipunje kwenye mwili wa kitu chenyewe, kila kijipunje kinabeba mkwaruzo wake, kitu kikisogea mkwaruzo unasogea nacho. Huyo alikuwa anajiuliza swali la mchoraji kabisa, rangi inakaa kwenye kitu au kwenye karatasi?

Angalia nukta za Tingatinga jinsi zinavyofuata mgongo wa chui na kuzunguka tumbo. Fundi aliyezoea zile nukta analijua tatizo la Meier hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Hata katuni za kwenye gemu ni hivyohivyo. Ule wino mweusi pembeni ya mtu, mara nyingi wanachora modeli, yaani lile umbo la 3D la mtu lililojengwa ndani ya kompyuta, mara mbili, ya pili inavimbishwa kidogo, inapakwa nyeusi na kuonyeshwa upande wake wa nyuma tu. Kivuli nacho hakififii taratibu, kinakatwa ngazi mbili au tatu, na pa kukata anapachagua mtu. Ile filamu ya katuni ya Spider-Man ya 2018 iliyochukua Oscar, mistari ya kwenye sura za watu ilitokana na wachoraji waliokaa na wahandisi wakabishana.

Kwahiyo lile bango la simu na hizi kazi tusiziweke fungu moja. Bango la simu linaua kibarua, kweli, na mimi kama ningekuwa na saluni ningemwita fundi. Lakini Blender, programu ya kutengeneza katuni na picha za 3D, ni bure, ina kalamu ya kuchora ndani ya 3D na ina kifaa cha kutoa mistari ya wino, na mafundi wa mabango wa hapa Mwanza tayari wanajua kitu ambacho programu haijui, wapi pa kuacha bila kuchora. Wanachohitaji ni kompyuta yenye nguvu kidogo, mtu wa kukaa nao miezi michache, na mteja atakayekubali kulipa bei ya fundi kwa kazi iliyotoka kwenye skrini, na huyo wa mwisho ndo mgumu kumpata kuliko hiyo kompyuta.