Paje na Jambiani: Pwani Imepanda Bei, Wenyewe Wamesogea Nyuma ya Barabara

Gari ya 309 inayotoka mjini Zanzibar kwenda Jambiani inapokaribia mzunguko wa Paje, kitu cha kwanza kinachoonekana siku hizi ni vibao vya fleti zinazouzwa kwa dola, nyingine zikiwa bado michoro. Kijiji ambacho miaka ya tisini kilikuwa na nyumba chache za kulaza wageni sasa kina migahawa ya kila aina, baa za muziki, wakodishaji wa pikipiki na skuli za kufundisha kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Manung'uniko nayo yameongezeka. Yanatoka kwa kina mama wa mwani, kwa wavuvi, kwa vijana wanaotafuta kiwanja cha kujenga, na hata kwa Wazungu waliohamia zamani, ambao nao wanasema Paje waliyoipenda imekwisha.

Wanaolalamika ni wengi, lakini hawalilii kitu kimoja. Kwa wenyeji, ninavyoona mimi, kinachouma zaidi ni namna ardhi ilivyotoka mikononi mwao. Ililipwa mara moja, kwa bei ya siku ile, na tangu hapo gharama za ukuaji wanazibeba wao kila siku huku faida yake ikipita pembeni.

Pwani hii ya mashariki ya Unguja ni nchi ya maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo mchache katikati yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilipogawa eka tatu tatu kwa familia, ardhi iliyotafutwa ilikuwa ile yenye rutuba, ya mikarafuu na minazi, upande wa pili wa kisiwa. Maweni hayakuwa na mgombezi. Watu wake waliishi kwa uvuvi, kwa kulima vishamba vya kuhamahama ndani ya mawe, kwa kusokota kamba za makumbi, kuchoma chokaa na kwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Bei ya karafuu ilipoanguka miaka ya themanini, Zanzibar ilifungua milango ya biashara, na mwaka 1986 ikapitisha sheria ya kulinda vitega uchumi. Ile ardhi isiyotoa muhogo wa maana ikageuka kuwa ghali kuliko mashamba ya karafuu, kwa sababu ya mchanga mweupe na upepo unaovuma kwa uhakika misimu miwili ya mwaka, kaskazi na kusi.

Kasi ilikuja baadaye. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Korona ikaishusha hesabu hadi 260,644 mwaka uliofuata, lakini visiwa vilifunguliwa tena mapema, vikawa wazi wakati sehemu kubwa ya Ulaya imejifungia, na Warusi, Wapolandi na wengine wakaja kwa ndege za kukodi. Kati yao walikuwemo waliogundua kwamba kazi yao ya kompyuta inafanyika Paje kama inavyofanyika kwao. Kufikia 2024 wageni walikuwa 736,755, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu wakaazi wasiofika milioni mbili. Wengi wa wageni hao hulala kwenye ukanda mwembamba sana wa mchanga. Na siku hizi mgeni halazimiki kuwa mpita njia. Sheria ya 2010 iliruhusu asiye raia kumiliki sehemu ya jengo, fleti zinauzwa kwa ukodishaji wa miaka 99, na anayenunua kwa kuanzia dola 100,000 katika mradi ulioidhinishwa anaweza kuomba kibali cha ukaazi.

Anayetetea ukuaji huu ana hoja nzito. Mtu aliyekaa mjini kwenye umeme na lami hana haki ya kuzipuuza. Barabara ya Kusini isingekuwa ilivyo bila watalii. Kijana wa Jambiani ambaye baba yake alikwenda dago miezi kadhaa leo anaongoza ngalawa ya wageni na usiku analala kwake. Watoto waliokuwa wakikimbilia tiara zinazoanguka ufukweni ili wapewe kidogo, baadhi yao sasa ni walimu wa kaiti wenye vyeti, wanaongea lugha tatu au nne. Jambiani ina chuo chake cha mafunzo ya utalii. Mwenye nyumba upande wa ndani wa kijiji anapangisha vyumba kwa wafanyakazi wa hoteli na kodi hiyo inasomesha watoto. Yupo fundi, yupo mama anayeuza chapati na maharage kwa wajenzi kabla ya saa moja asubuhi, yupo anayetengeneza sabuni ya mwani na kuiuza kwa bei ambayo kilo ya mwani mkavu haiwezi kuifikia. Watu hawa hawajakata tamaa hata kidogo. Ukiwaambia hoteli zifungwe watakushangaa.

Lakini nenda dikoni, pale vyombo vya wavuvi vinapotia nanga, asubuhi. Samaki wanamwagwa mchangani, mnadi anaanza kupandisha bei. Pembeni pikipiki ya mnunuzi wa hoteli imeshawashwa, boksi la barafu liko nyuma. Nguru, jodari, pweza wakubwa na kamba wanaondoka kwa dakika chache. Mama aliyekuja na kikapu anamwambia mnadi, "Mwanangu, tuachie japo fungu la changu." Mnadi ni kijana wa hapohapo, hana ubaya wowote, lakini samaki wa mvuvi lazima auzwe kwa anayetoa zaidi, na mvuvi naye ana watoto. Mvuvi anafurahi kwa bei ileile inayomnyima jirani yake kitoweo. Mara nyingi ni watu wa nyumba moja: mume kauza vizuri, mke karudi na dagaa. Ndiyo maana mjadala huu haugawanyiki kwa urahisi kati ya kijiji na hoteli. Unapita katikati ya familia.

Kina mama wa mwani ndio walioumia mapema. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa wanawake wengi ilikuwa mara ya kwanza kushika pesa zao wenyewe. Halafu mwani wa bei nzuri, kotonii, ukaanza kufa kwa sababu maji ya kina kifupi yamepata joto. Kuuhamishia maji ya kina kunahitaji boti na kujua kuogelea. Na pale penye kina kifupi, ambapo spinosamu, mwani wa bei ya chini, bado inaota, ndipo wanafunzi wa kaiti wanapoangukia na kamba zao. Hoteli hazikulitia bahari joto, hilo liwe wazi. Ila mama aliyepungukiwa na mavuno amejikuta akigombea nafasi ya vigingi vyake na mtu anayelipa kwa saa moja zaidi ya anachopata yeye kwa wiki nyingi.

Maji yana habari yake. Chini ya maweni kuna maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi, na yakivutwa kwa nguvu chumvi inapanda. Mawe yenyewe yana matundu, hivyo kinachomwagwa kwenye shimo la choo cha jengo kubwa hakikai palepale. Utafiti wa shirika la Tourism Concern la Uingereza, uliotoka mwaka 2012 baada ya kazi iliyofanyika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kaya ya kawaida ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku, wakati chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Hoteli nyingi zimechimba visima vyao au zinanunua maji ya gari, na zina haki ya kusema kwamba hazichukui kwenye bomba la kijiji. Mwamba ulio chini ni mmoja lakini, na kisima cha bibi kikianza kutoa maji ya chumvi hakuna anayeweza kuonyeshwa kidole.

Sasa ardhi, ambako ndiko kwenye kiini cha jambo. Kwa sheria ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na mwananchi ana haki ya kuitumia. Kwa mila za pwani hii, mtu alihesabiwa mali kwa miti aliyopanda, na maweni yasiyopandwa yalikuwa ya kijiji kizima. Mwekezaji wa kwanza alipokuja, aliyelipwa ni mwenye minazi, kwa hesabu ya minazi. Mkataba wa kukodi ardhi mwekezaji aliufunga na Serikali, na kodi ya ardhi ya kila mwaka inakwenda Serikalini. Familia ilipata fungu moja. Kwa wakati ule lilionekana kubwa: limeezeka nyumba, limempeleka mama Makka, limelipa hospitali, limenunua boti iliyodumu miaka michache. Siwezi kuwalaumu. Mtu mwenye mgonjwa ndani hawezi kusubiri bei ya mwaka 2025.

Matokeo yake yanamkuta mjukuu. Kijana wa kwetu anayetaka kuoa hujenga kwenye kiambo cha wazee wake. Kiambo kimepungua upande wa bahari, kwa hiyo anavuka barabara na kuingia maweni ya ndani, ambako napo kuna watu wanaonunua ili wapangishe wageni wa muda mrefu. Kiwanja kinatajwa kwa dola. Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, na nimeziunga mkono, lakini bei iliyopangwa kwa dola haishuki kwa kuandikwa shilingi. Mwalimu wa skuli na muuguzi waliopangiwa kazi kijijini wanashindania chumba na mpishi wa hoteli, ambaye posho ya chakula na bahashishi zimemsogeza mbele yao. Mwalimu anapoamua kuishi mbali na kusafiri kila siku, wanaopoteza saa za masomo ni watoto wa hapahapa.

Kuhusu ajira, pande zote mbili zina la kusema na zote zimechoka kusikilizana. Wenye hoteli wanasema wenyeji hawataki kazi za baa, wanaomba ruhusa kila penye msiba na harusi, na kwamba kijana wa Bara au wa Kenya anakuja akiwa na uzoefu. Wenyeji wanajibu kwamba wanaitwa kulinda na kufagia, nafasi za mbele zimeshajazwa kabla ya tangazo. Wala siwaoni waliotoka Bara kuwa tatizo, wamekuja kutafuta riziki kama watu wa Kusini walivyokwenda Tanga na Mombasa. Tatizo ni mwajiri anayepata ardhi kwa ahadi ya kuajiri kijiji, halafu hapana anayerudi kumuuliza.

Wale wageni wa zamani nao wasipuuzwe. Baadhi yao wamekaa na majirani kwa wema, wanajua Kiswahili, wanakwenda mazikoni. Wanahuzunika kwa kelele za muziki, kwa takataka, kwa majengo yanayofunga upepo, na yote hayo ni kweli. Hata hivyo dai lao na la mwenyeji si moja. Wao wanataka kijiji kisimame pale walipokikuta. Mwenyeji anataka kiendelee naye akiwemo. Na bei inapopanda, mgeni mwenye nyumba akichoka anauza kwa faida na kutafuta pwani nyingine. Mwenyeji makaburi ya wazee wake yako hapa. Aprili 2024 maelfu ya wakaazi wa Visiwa vya Canary huko Hispania waliandamana kudai utalii uwekewe kikomo, na kilio chao cha kodi za nyumba kinafanana sana na chetu. Kule, hata hivyo, mwenye kumiliki nyumba amepata jambo la kubaki nalo. Paje wengi walishaachia kabla bei haijapanda.

Ndiyo maana mazungumzo ya kuzuia ukuaji hayanivutii kama mazungumzo ya kugawana kodi ya ardhi. Sehemu ya malipo ya kila mwaka irudi kwenye shehia, eneo linaloongozwa na sheha, na kwa familia zilizoachia ardhi, ipande thamani ya ardhi inapopanda. Najua pingamizi zake. Mwekezaji anataka uhakika, na masharti yanayobadilika yanamfukuza. Familia zetu zina mirathi: kiwanja kimoja kinaweza kuwa na warithi ishirini, na malipo ya mwaka yakigawanywa yanaweza kuleta ugomvi kuliko faida. Kamati za vijiji nazo zimewahi kula pesa. Ya kwanza inatibika kwa kuandika kiwango na mpangilio wa kupanda tangu siku ya kusaini. Ya pili na ya tatu ni ngumu zaidi, zinahitaji hesabu kusomwa hadharani mbele ya kijiji na majina ya warithi kuandikwa mapema, kabla mnunuzi hajafika. Hata kwa ugumu wake, njia hii naiona bora kuliko kuendelea kulipa minazi mara moja.

Kwa Paje na sehemu kubwa ya Jambiani muda umekwenda, kilichobaki ni maji, vyoo, nyumba za walimu na nafasi ya vigingi vya mwani, na hayo yanawezekana kwa pesa zinazokusanywa sasa hivi. Lakini kusini zaidi, kutoka Makunduchi kwenda Mtende, bado kuna fukwe ambazo hazijajengwa sana, na madalali wameshaanza kupiga hodi. Sheha na wazee wa huko wakiletewa karatasi, waulize mapema: malipo ya mwaka wa pili, wa kumi na wa thelathini yatamfikia nani, na yameandikwa kwenye ukurasa upi?