Kumnyoa paka hakuondoi mzio
Kuna mwandishi ameshauri paka anyolewe manyoya ili mwenye mzio (aleji) wa paka apumue. Hapana, jamani, msimtese mnyama bure. Tatizo si manyoya yenyewe, ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi yake. Akijilamba, mate yanakauka na kuwa vumbi jepesi sana linaloelea hewani kwa saa nyingi. Kwa joto letu la Dar, pangaboi linazunguka usiku kucha na kulimwaga vumbi hilo juu ya mto wako. Kwa hiyo paka asiingie kabisa chumba cha kulala, na mapanga ya feni yafutwe kila wiki kwa kitambaa kilicholowa. Usifagie pakavu, piga deki. Zulia na kochi la kitambaa ndiyo maficho makubwa. Hata paka akiondoka, vumbi hilo hubaki miezi.

Ukienda kumsalimia shangazi Sinza mwenye paka, mtu mzima ameze setirizini, dawa ya mzio, miligramu 10 saa moja au mbili kabla. Usisubiri macho yaanze kuwasha. Piritoni inasaidia pia ila inalewesha usingizi, usiendeshe bodaboda. Kifua kikibana na pumzi ikapiga filimbi, nenda hospitali, usiishie duka la dawa.