Nywele za shangazi na moshi wa jikoni

Jumapili iliyopita nilipita kwa shangazi yangu, hapa hapa Busia, nikamkuta anachoma dhahabu jikoni. Kikaango juu ya sigiri, bonge la kijivu la dhahabu iliyochanganywa na zebaki katikati, na mjukuu wake wa miaka mitatu amekaa mkekani hatua mbili tu kutoka hapo. Nikamwambia, "Shangazi, si tulishaongea habari ya huu moshi?" Akanijibu taratibu, "Mwanangu, mimi walinipima. Walikata nywele, wakasema niko sawa."

Tangu siku hiyo silali vizuri.

Waliompima walikuja na mkasi na bahasha, miezi kadhaa iliyopita. Huku kwetu kumpa mgeni nywele zako si jambo la mchezo. Shangazi hata zile zinazobaki kwenye kitana huzichoma mwenyewe, zisije zikaangukia mikononi mwa mtu mbaya. Alikubali kwa sababu aliambiwa ni kwa ajili ya afya yake. Akawaamini. Na jibu walilompa limemrudisha kwenye kikaango akiwa hana wasiwasi hata kidogo.

Zebaki si ya aina moja, na waliobeba mkasi walipaswa kulijua hilo kuliko mimi. Zebaki ya kwenye samaki, ile ya methili, hupita tumboni ikaingia damuni, na unywele unapoota huifungia ndani yake mpaka kiwango kikawa takriban mara 250 ya kile cha damuni. Hapo nywele ni shahidi mzuri, nakubali. Kule Iraki mwaka 1971 na 1972, watu walipooka mikate kwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki, nywele za akina mama zilipimwa kipande kwa kipande, zikaonyesha sumu iliingia miezi gani. Nakubali pia kwamba nywele hazitaki sindano wala barafu. Bahasha hupanda basi hadi Kampala bila kuharibika. Kwa anayekula samaki wa ziwani kila siku, kateni.

Lakini shangazi anavuta moshi. Zebaki ikichomwa hugeuka mvuke, huingia mapafuni, ikapita damuni hadi kwenye ubongo na figo, kisha hutoka polepole kwa njia ya mkojo. Mchomaji wa dhahabu hupimwa mkojo! Zebaki ya namna hiyo haijengeki ndani ya unywele kama ile ya samaki, kwa hiyo namba ndogo kwenye nywele haisemi lolote kuhusu figo zake. Na namba ingekuwa kubwa bado tungebishana, maana mvuke huohuo huganda kichwani kutoka nje, na hakuna namna ya kuosha nywele maabarani inayotenganisha kwa uhakika zebaki ya nje na ya ndani. Kwa vyovyote vile, neno "uko sawa" halikuwa na mahali pa kusimama.

Kuna mengine. Ile hesabu ya kwamba nywele huota sentimita moja kwa mwezi haitoshei vichwa vyetu, nywele za Waafrika wengi huota polepole zaidi. Watoto wetu wa shule hunyolewa karibu hadi ngozi, kwa hiyo kichwa cha mwanafunzi kina habari za wiki chache tu. Madini ya risasi (ledi), ambayo nayo ni sumu, hupimwa kwenye damu: mwaka 2010 kule Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani, na ni damu iliyoonyesha ukubwa wa janga.

Halafu Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Uganda imeuridhia, unataja uchomaji wa dhahabu yenye zebaki kwenye makazi ya watu kuwa miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Haungoji unywele wa mtu.

Jumatatu nilimpeleka shangazi kituo cha afya tukaomba apimwe mkojo. Kipimo cha zebaki hawana. Njiani kurudi akaniuliza, "Sasa wewe una karatasi gani ya kuwashinda wale?" Sina. Ninachoomba ni waliochukua nywele zake warudi, wakae naye mkekani, wamwambie kwa Kisamia chake kwamba karatasi ile ilihusu samaki, haikuhusu moshi. Akiyasikia kutoka kwangu ni maneno ya mtoto aliyemlea.

Mjukuu nimemchukua, yuko kwangu kwa sasa.