Siku ya Mwisho Nilikwenda Makumbusho, Mnacheka Nini?

Jana barzani, hapa Unguja, nimechekwa. Ndo kwanza nimerudi Uingereza nilikokwenda kusoma mwaka mzima, kahawa inamiminwa, ami mmoja akaniuliza siku ya mwisho niliimalizia wapi. Nikasema makumbusho, kuangalia picha. Barza zima likaangua kicheko. "Picha za ukutani? Kwani simu huna?" Mwengine, ambaye safari yake ndefu ni boti ya Dar, akanisomesha kwamba mwenye akili makumbusho huenda wiki ya kwanza, siku ya mwisho hununua zawadi.

Haya, kwenye zawadi mna haki. Begi lilishafika kilo 23 na shangazi mpaka leo ananidai manukato. Na miguu iliuma, sikatai.

Lakini wiki ya kwanza! Wiki ya kwanza unaona nini wewe? Una baridi, umepotea, kila bei unaigeuza shilingi mpaka kichwa kinagonga. Picha utaipita kama unavyolipita bango la soda. Siku ya mwisho roho ishatangulia nyumbani, na kila unachokitazama unakitazama na kwenu.

Niliingia National Gallery, London, hawatozi hata senti. Nikawapita watakatifu, nikayapita matunda mezani, sijaguswa. Halafu nikakuta meli. Manowari ya matanga, imepauka kama mzuka, inavutwa na kijimeli cheusi cha moshi, na jua linatua. Temeraire hiyo, manowari ya Kiingereza iliyopigana vita vya baharini vya Trafalgar 1805, inapelekwa kuvunjwa. Mchoraji Turner aliichora 1839. Kilichonikalisha kwenye benchi ni milingoti. Meli yenyewe ilipovutwa, milingoti ilikuwa ishang'olewa. Turner kairudishia yote mitatu. Hakutaka iende kufa uchi. Wala picha hakukubali kuiuza, akaliachia taifa lake. Na kichekesho ni kuwa imo kwenye noti ya pauni 20, ambayo mwaka mzima nimeitoa na kuipokea dukani bila kuiona.

Pale kwenye benchi ikanijia milingoti mingine. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za hao hao Waingereza ziliupiga mji wetu kwa dakika kama 40, zikaizamisha Glasgow, meli ya Sultani. Bandari haikuwa na kina cha kuimeza. Milingoti ikabaki imesimama juu ya maji, mbele ya Forodhani, mpaka mabaki yake yalipovunjwa 1912. Hebu pigeni hesabu: mtoto kazaliwa Shangani mwaka ule, kanyonya, kaenda chuoni kusoma Kurani, kabaleghe, na kila akishuka pwani iko pale inamtazama. Wao meli yao ya kushinda wameililia kwa rangi. Yetu ya kushindwa nani kaichora? Picha za kamera zipo, ndiyo. Mimi nataka mtu aliyekaa akaumia nayo.

Na hata angekuwapo, tungeitundika wapi? Beit al-Ajaib, makumbusho yetu, ambamo skuli walitupeleka mara moja nikagusa kwa siri kamba za mtepe, chombo cha kale cha matanga, mbao zimeshonwa kama mkeka, msumari hata mmoja hamna, sehemu yake imeporomoka Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Kabla ya hapo nilikuwa nikiipita kila siku kwenda kula urojo. Sikuingia tena. Kwa hiyo msidhani nawasema nyinyi peke yenu.

Kicheko kilipopoa nikatoa noti iliyonibakia mfukoni. Ikazunguka mkono kwa mkono, wakaigeuza, wakauliza ni shilingi ngapi. Ikamfikia mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi zamani. Akaisogeza puani, macho kayabana.

"Huyu mbona matanga kakunja?"

"Anavutwa, babu. Anapelekwa kuvunjwa."

Akanyamaza. Kikombe chake kilishapoa. Akanirudishia noti, akauliza mbao zake walizifanyia nini.