Kanga ilivonilaza Michenzani

Kwanza niseme mpira wangu wa keria haukuwa na tatizo lolote, mana kila ninaemhadithia anaanzia hapohapo, "ulifunga vipi?" Nlifunga nnavofunga siku zote! Mpira wenyewe ni tyubu kongwe la baskeli nlolikata refu, unaufunga chini ya keria, unauvuta, unaupitisha juu ya mzigo, unachomeka ncha, basi. Na huohuo umeshabeba boflo, umeshabeba mchele, umeshabeba mpaka mtungi wa gesi wa jirani yangu (jirani alikuwa kaushikilia kwa nyuma, sawa, lakini mpira ulikuwepo).

Mie nafanya kazi Mji Mkongwe nakaa Fuoni, na nakwenda kwa baskeli, Phoenix ile nzito ya breki za vyuma. Wenzangu ofisini wananicheka, nawacheka na mie jioni nkiwaona Darajani wanabanana kwenye gari za abiria jasho linawatoka. Mzigo wangu begi la kazi na kontena la chakula, vinakaa kwenye keria havisemi kitu.

Sasa skuiyo mke wangu kanitumia voisi, ndefu, mie nkasikiliza mwanzo mwanzo tu mana bosi kasimama hapo mbele yangu. Kuna harusi ya mtoto wa mjomba wake, wanawake wamepanga sare, nipitie Darajani nimchukulie doti la kanga la zambarau lenye mchoro wa korosho, halafu akaendelea na mengine mengi, ningesikiliza ingefika magharibi. Nkapita dukani, nkaona korosho, nkaona zambarau, nkalipa. Taa ya mle ndani haikuwa nzuri lakini mie macho yangu mazima.

Lawama ziende kwa gazeti. Mnajua Zanzibar mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2006, wenzetu bara wamekuja kutufuata 2019, na mie naunga mkono kabisa, bahari yetu ile. Lakini mwenye duka alikuwa hana mfuko mwengine wowote, akanizungushia doti kwenye gazeti akapiga uzi mmoja. Na doti jipya ndo mnavolijua, halijakatwa, vipande viwili bado vimeungana, ukilikunjua lote linafika kama mita tatu. Nkaliweka juu ya begi nkapitisha mpira, nkalipiga kofi moja kuhakikisha. Likatulia. Nkaondoka.

Nafika Michenzani nasikia nyuma papapapapa. Nkajua madigadi hayo, yana kawaida ya kulegea. Mara watoto wananipungia mikono, "Ami! Ami! Ami!", na mie nawapungia, nkasema mashaallah watoto wa siku hizi wana adabu. Gari ya abiria ikanipita, utingo anagonga bati anapiga ukelele "Mzee kanga! Kanga mzee!", nkadhani kuna mama anashuka hapo.

Halafu gurudumu la nyuma likakataa. Skuambii likapunguza mwendo, likakataa! Kitambaa kilikuwa kimeshaingia kwenye spoki kikajiviringisha mpaka kwenye ekseli, na mnyororo nao umekitafuna. Bahati yangu ilikuwa nyuma, ingekuwa gurudumu la mbele ningeruka juu ya usukani nikatua kwa meno. Tairi likaserereka, baskeli ikalala upande, na mie nkalala nayo, taratibu kabisa, hata viatu havikuvuka. Kontena la chakula ndo lililopiga kelele, likabingirika mpaka ng'ambo ya pili.

Na kama kuna pahala pa kuanguka Unguja nzima basi si pale. Yale majumba marefu aliyoyaanzisha Mzee Karume na Wajerumani wa Mashariki, jioni ile kila dirisha lina mtu, wengine na vikombe vya chai mkononi. Nkasikia jumba zima limesema "Aaaah!" kwa pamoja, kisha kimya kidogo, kisha kicheko kikaanza ghorofa ya juu kikateremka.

Ile gari imesimama, abiria wote shingo nje. Kanga imenilalia kifuani, upande wa jina juu. Utingo akainama akasoma kwa sauti, pole pole kama anafundisha darasa la kwanza: "NILICHOKITAKA NIMEKIPATA." Wallahi dereva alizima injini kabisa ili acheke vizuri.

Bi mkubwa mmoja akaja mbio na buibui lake. "Mwanangu, umeumia?" Nkamwambia sijaumia bibi, shkamoo. "Marahaba. Basi usivute! Usivute utaichana!" Kumbe roho iko kwenye kanga.

Akaitwa fundi baskeli, kijana tu, akatazama akasema hii haitoki mpaka tufungue gurudumu, au nikate. Bibi akamuuliza wewe umeoa? Akasema bado. "Ndo mana." Basi zikafunguliwa nati, ukatolewa mnyororo, bibi kashika pindo huku, fundi anachomoa kidogo kidogo kule, mie katikati nimebeba baskeli na gari zinatuzunguka zinapiga honi. Ikatoka nzima, haikuchanika, lakini grisi ya mnyororo wangu, ambayo nakiri ni ya siku nyingi, imechora mstari mweusi toka mwanzo mpaka mwisho.

Fundi akauokota ule mpira. Akauvuta. Ukavutika, halafu ukabaki hivohivo, haurudi. Akanitazama. Nkamwambia ni baridi hiyo. Akapangusa jasho usoni, akasema elfu mbili ami.

Nafika nyumbani mke wangu kasimama mlangoni, kajifunga mikono. Nlikuwa nimeshapanga njia nzima namna ya kuanza.

"Shangazi kapiga simu," akasema.

Shangazi yake anakaa Michenzani, ghorofa ya tatu. Mie hilo lilinitoka kabisa kichwani.

"Anasema hujavunjika kitu."

"Alhamdulillah," nkasema.

"Anasema vilevile kanga ni buluu."

Nkasema haiwezekani. Mtu yuko ghorofa ya tatu, jua linazama, atajuaje rangi? Nkaitoa, nkaikunjua, nkaisogeza chini ya taa nkamuonesha kwa kidole, hebu tazama hapa, hapa karibu na korosho, hii si zambarau?

Akainama, akatazama vizuri.

"Hiyo," akasema, "ni grisi."