Magogo yako huku, mahali pake kule: nyumba ya Miles Goodyear na hoja ya uhifadhi

Mjini Ogden, katika jimbo la Utah, Marekani, kuna nyumba ndogo ya magogo iliyojengwa katikati ya miaka ya 1840. Mwenyewe alikuwa Miles Goodyear, mtegaji wa wanyama wa manyoya aliyefungua kituo cha biashara kando ya Mto Weber kabla Wamormoni, wafuasi wa dhehebu lililoanzia Marekani, hawajaingia bonde la Salt Lake, Julai 1847. Haukupita muda, James Brown, mmoja wao, akakinunua kituo chote kwa niaba yao kwa dola 1,950. Tangu hapo nyumba imehamishwa zaidi ya mara moja, na leo inatunzwa kwenye makumbusho ya wazao wa walowezi. Kule mtoni ilikosimama mwanzo imejengwa ngome ya mfano kwa magogo mapya. Ukitaka kuona mbao alizochonga Goodyear, unakwenda pasipo pake. Ukitaka kukanyaga alipoishi, unakuta vitu vya kuiga.

Ndiyo maana nimeichagua nyumba hii. Ugumu wote wa kutathmini jengo la enzi ya walowezi umo ndani yake.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 ndiyo iliyoweka Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Ili liingie humo, kwa kawaida jengo liwe na miaka 50 au zaidi, liwe na maana katika historia, na liwe bado na uhalisia wake. Uhalisia huo hupimwa kwa mambo saba: mahali, usanifu, mazingira, vifaa, ufundi, hisia linayoleta na uhusiano wake na tukio au mtu. Jengo lililohamishwa kwa kawaida halikubaliwi, ila kwa sababu maalumu, mfano likiwa ndilo jengo lililobaki lenye uhusiano mkubwa kuliko yote na mtu fulani. Nyumba ya Goodyear iliingia orodhani mwaka 1971.

Wanaopinga uhifadhi wa namna hii wana hoja, na si watu wasiojali historia. Nyumba ikishaondolewa penye mto, njia na malisho, wanasema, imebaki kuwa kifaa kama shoka au chungu. Iwekwe makumbusho, isiitwe eneo la kihistoria. Tena kila gogo likioza hubadilishwa. Baada ya miaka mia moja na zaidi, mgeni anaonyeshwa ukuta ambao hajui sehemu gani ni ya zamani. Kuna na suala la mwenye mali. Kuwemo katika orodha ya taifa peke yake hakumzuii mtu binafsi kubomoa nyumba yake kwa fedha zake. Kinachomfunga ni kanuni za mji. Nafuu ya kodi ya shirikisho, asilimia 20 ya gharama za ukarabati, nayo ni ya majengo yanayoingiza kipato. Familia inayoishi katika nyumba yake hainufaiki nayo.

Hoja hizo ni nzito, lakini ukikaribia ukuta wenyewe utaona kwa nini sikubali zote. Alama za shoka huacha makovu mafupi yasiyolingana. Msumeno wa duara huacha mistari iliyopinda kama upinde. Msumari uliokatwa kwenye bamba la chuma una pande bapa, ilhali ule wa waya, uliozagaa mwishoni mwa karne ya 19, ni wa mviringo. Wataalamu hutoboa gogo kwa kekee, wakatoa kijiti chembamba kama kalamu na kuhesabu pete za miaka. Hesabu hiyo inaonyesha mti ulikatwa lini, si nyumba ilijengwa lini, maana magogo mazuri yalitumika tena na tena. Ushahidi huu haupotei kwa kuhamishwa. Unapotea kwa kubomolewa, na mara nyingi kwa ukarabati mbaya.

Kwenye ukarabati niseme zaidi, kwa sababu tunaujua hata huku kwetu. Nyumba nyingi za walowezi wa Utah zilikuwa za matofali mabichi ya udongo. Baadaye zikapigwa lipu ya saruji ili zipendeze. Saruji huzuia unyevu usitoke, tofali hulowa maji chini ya ukuta, na kwa nje huoni kitu mpaka ukuta uanze kuporomoka. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wamepambana na tatizo hilohilo kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Mtathmini anayepita nje tu na kamera hajatathmini kitu. Agonge ukuta, aingie chini ya sakafu, apande darini.

Msimamo wangu ni kwamba nyumba hii itunzwe, ila faili lake liseme kila kitu: gogo gani ni la zamani, lipi limebadilishwa na mwaka gani, ilisimama wapi na wapi. Na liseme habari za watu. Wamarekani huwaita wajenzi hawa kwa neno la sifa, kama watangulizi waliofungua njia. Kwa Kiswahili neno linalotujia kwanza ni walowezi, na mtu wa Nakuru au Kitale akilisikia atauliza papo hapo ardhi ilikuwa ya nani. Swali hilo ni halali Ogden pia. Nchi ile ya Mto Weber ilikuwa ya Washoshone, wenyeji wa asili, na mke wa Goodyear, Pomona, alikuwa wa kabila la Ute, naye mwenyeji wa nchi zile. Kwa hiyo hata nyumba inayosifiwa kuwa ya kwanza ya mgeni katika Utah ilikuwa na mwenyeji jikoni, na watoto wa damu zote mbili uani.

Kibao chochote kitakachosimamishwa pale mtoni kitaje Miles na Pomona pamoja, kiwataje Washoshone, na kimwambie mgeni wazi kwamba magogo anayoyashika ni mapya, ya zamani yako mjini.